Sura ya Nne: Kiumbe Mwenye Mwalimu

Katika karne ya 10, mjini Basra, palikuwa na jamii ya wanazuoni waliositiri majina yao na kujiita Ikhwan al-Safa, Ndugu wa Nyoyo Safi, ambao walituachia risala zaidi ya 50 juu ya hesabu, nyota, muziki, maumbile na dini. Na miongoni mwa risala hizo iko moja ambayo, kwa maoni yangu, ina ladha kuliko zote, kwa kuwa ndani yake wanazuoni hao waliiacha kwa muda njia ya hoja kavu wakasimulia habari ya kesi. Wanyama, waliochoka kubebeshwa mizigo, kukamuliwa, kuchinjwa na kutiwa lijamu, wanawashtaki wanadamu mbele ya mfalme wa majini, na mfalme huyo, ambaye ni mwadilifu, anazitaka pande zote mbili zilete burhani. Wanadamu wanadai kuwa wanyama ni watumwa wao. Wanapotakiwa kuonyesha haki hiyo wameipata wapi, wanaanza kuhesabu fadhila zao, yaani kimo kilichonyooka, umbo zuri, hisi kamili, ufundi, miji na elimu.

Kila fadhila inapata wakili wa kuipinga. Nyuki, kwa mfano, wanatajiwa nyumba zao za pembe sita zilizolingana, ambazo huzijenga bila ya kushika bikari wala rula, na hakuna hata mmoja wao aliyesomea handasa. Shauri linaendelea kurasa nyingi, na msomaji, ambaye bila shaka ni mwanadamu, huanza kuona haya, maana upande wake hauna hoja iliyosimama ikadumu. Hatimaye ushindi unapatikana kwa jambo moja tu, nalo ni ahadi ya kufufuliwa na uhai wa milele, ambayo wanyama hawakupewa.

Hukumu hiyo ni ya dini, na mahali pake ni kwa wenye elimu ya dini. Linalonishughulisha katika sura hii ni zile hoja za mwanzo, zilizoshindwa, kwa sababu miaka elfu moja baada ya risala ile kuandikwa tumezirudia zote mbele ya watafiti, na zimeshindwa tena moja baada ya moja, na nyingi zimeshindwa hapa hapa kwetu, katika mbuga na misitu ya Afrika ya Mashariki.

Kimo kilichonyooka hakihitaji maneno mengi. Mwaka 1978, huko Laetoli, kusini ya Olduvai, jopo la Mary Leakey lilifukua nyayo zilizokanyagwa juu ya majivu ya volkano yaliyolowa mvua takriban miaka milioni 3.6 iliyopita, zenye kisigino, na upinde wa wayo, na kidole gumba kilichoelekea mbele pamoja na vidole vingine, kana kwamba mtu amepita ufukoni asubuhi ya leo. Ilhali viumbe wa zama hizo, kwa ushahidi wa mafuvu yao, walikuwa na ubongo uliouzidi wa sokwe kwa kidogo mno. Walisimama wima, basi, muda mrefu kabla hawajawa na jambo kubwa la kufikiri.

Ufundi wa mikono ulidumu zaidi katika fahari yetu, mpaka mwaka 1960, Louis Leakey alipompeleka Gombe, kando ya Ziwa Tanganyika kaskazini ya Kigoma, msichana wa Kiingereza wa miaka 26 asiye na shahada ya chuo kikuu, Jane Goodall. Mwaka ule haujaisha, alimwona sokwe dume, ambaye alimpa jina la David Greybeard, ameketi mbele ya kichuguu, akitia ukoka ndani ya tundu, akingoja kwa utulivu, kisha akiuvuta taratibu huku mchwa wenye mataya makali wameung'ata na kuning'inia, akawapitisha midomoni. Ukoka ulipokuwa haufai alivunja kijiti na kukipukuchua majani. Mwenye kupukuchua majani ya kijiti ili kitimize haja yake amefanya chombo, na tangu siku hiyo maneno ya kwamba mtu ndiye pekee afanyaye vyombo yamebaki katika vitabu vya zamani.

Anayekimbilia mila ataonyeshwa Mahale, kusini zaidi katika ufuko ule ule wa ziwa, ambako Toshisada Nishida alianza kazi yake mwaka 1965, na ambako sokwe wawili, wanapochambuana manyoya, huinua kila mmoja mkono mmoja juu na kushikana viganja kama lango, jambo ambalo jamaa zao wa Gombe hawalifanyi. Anayekimbilia huzuni ataambiwa habari ya Flint, sokwe mwenye umri wa miaka minane, ambaye mama yake, Flo, alipokufa mwaka 1972, aliacha kula, akajikunyata, na hazikupita wiki nyingi naye akafa. Hata yule mwenye kukimbilia uovu, kwa maana wapo wanaoona kuwa vita ni sifa yetu sisi tu, atakumbushwa kwamba kati ya mwaka 1974 na 1978 madume wa kundi la Kasakela waliwavizia na kuwaua mmoja mmoja madume wa kundi la Kahama, ambao walikuwa wamekula nao na kulala nao miti ya jirani kabla kundi halijagawanyika. Goodall mwenyewe aliudhika sana kwa aliyoyaona, akataja kwamba picha za mauaji yale zilimjia usiku.

Ikabaki kauli. Wanafalsafa wa Kiyunani na wa Kiarabu wote waliitegemea kuliko hoja nyingine yoyote, na hata leo ukimuuliza mtu yeyote njiani ni kitu gani kinachomtenga na ng'ombe wake, atakujibu kwamba yeye husema. Sitaki kuidharau hoja hii, maana ina nguvu, lakini nataka tuitazame kwa karibu katika mahali pamoja, nako ni Amboseli, chini ya Kilimanjaro upande wa Kenya, ambako tumbili wanaishi katikati ya maadui wa aina tatu.

Tumbili akiona chui hutoa sauti ya namna moja, na wenziwe hukimbilia juu ya miti. Akiona tai hutoa sauti ya pili, na wenziwe hutazama juu na kujitupa vichakani. Akiona chatu hutoa sauti ya tatu, nao husimama kwa miguu ya nyuma na kuchungulia majanini. Dorothy Cheney na Robert Seyfarth, wakishirikiana na Peter Marler, walirekodi sauti hizo, wakaficha kipaza sauti kichakani, wakazipiga wakati ambapo hapakuwa na chui wala tai wala chatu; na tumbili wakafanya kila mara lile linalopasa sauti waliyoisikia. Matokeo yalichapishwa mwaka 1980 na kuwashangaza wengi, kwa kuwa ilidhihirika kwamba sauti zile si vilio vya hofu tu, bali ni taarifa juu ya kitu maalumu.

Lakini jambo linalonivuta mimi halimo katika sauti za wakubwa, limo katika makosa ya watoto. Tumbili mdogo hupiga ukelele wa tai kwa kila kitu kilichoko angani: kwa tai mla tumbili, ndiyo, lakini pia kwa korongo, kwa njiwa, hata kwa jani linaloanguka. Jani limeporomoka kutoka katika mti wa mgunga, mtoto amepiga ukelele, na mama yake, aliye hatua chache tu kutoka hapo, ameinua kichwa, ametazama juu, ameona si kitu, na amerudi kutafuna. Hamkemei mtoto, hamsahihishi, hamwonyeshi tai wa kweli anapopita kwamba huyu ndiye. Ukelele ukiwa wa haki wakubwa nao hupiga ukelele, ukiwa wa kosa hunyamaza, na mtoto huachiwa aokote maana yeye mwenyewe, miezi kwa miezi, kama akiishi.

Ndivyo ilivyo Gombe pia. Mama sokwe aketipo kwenye kichuguu, mtoto wake huketi ubavuni na kumkodolea macho saa nyingi, na mama ni mvumilivu kupita kiasi: humwachia mtoto kijiti, humwachia tundu, humwachia hata mchwa walioko mkononi mwake. Mabinti, ambao hutazama zaidi na kucheza kidogo, hutangulia kaka zao kuijua kazi hiyo kwa zaidi ya miaka miwili. Katika uvumilivu wote huo, hata hivyo, mama hashiki mkono wa mtoto na kuuelekeza tunduni. Mtoto wake anajifunza, yeye hafundishi.

Hapa ndipo ninapotaka kuisimamisha hoja yangu, na ili isimame sawasawa sharti nieleze jaribio lililofanywa katika kisiwa cha Ngamba, ndani ya Ziwa Viktoria upande wa Uganda, ambako tangu mwaka 1998 hutunzwa sokwe mayatima walionyang'anywa wawindaji na wachuuzi wa wanyama. Victoria Horner na Andrew Whiten walitengeneza sanduku lenye tundu juu na kijilango mbele, na ndani yake mlikuwa na zawadi. Mwonyeshaji, mbele ya macho ya sokwe, aliondoa komeo la juu, akatia fimbo katika tundu la juu na kugongagonga, kisha akafungua kijilango cha mbele, akaitia fimbo na kuivuta zawadi. Sanduku la kwanza lilikuwa jeusi, halionyeshi kilichomo. Sokwe akapewa fimbo, akafanya kama alivyoonyeshwa, juu kwanza na mbele baadaye, akala. Likaletwa sanduku la pili, lile lile kwa umbo, ila limeundwa kwa kitu chenye kupenya nuru kama kioo, na sasa kila mwenye macho aliweza kuona kwamba tundu la juu limezibwa kwa ndani na halina njia yoyote ya kuifikia zawadi, na kwamba kule kugongagonga kote kulikuwa ni kazi bure. Sokwe aliacha mambo ya juu, akaenda moja kwa moja kwenye kijilango, akala.

Jaribio hilo hilo lilipofanyiwa watoto wa Uskoti wenye umri wa miaka mitatu na minne, wao waligonga. Waligonga katika sanduku jeusi, na waligonga katika sanduku la kuangaza, huku wanaona wazi kwamba fimbo haifiki popote.

Habari hii ilipochapishwa mwaka 2005 ilipokewa na wengi kwa kicheko, na hakuna wa kuwalaumu, maana mtu aliyefunzwa kwamba fadhila ya mwanadamu ni akili anapata taabu kueleza kwa nini katika mtihani wa akili sokwe yatima wa Ngamba ampite mtoto wa watu aliyelelewa nyumbani. Mimi naona kwamba mtoto yule hakushindwa mtihani wowote. Alikuwa anafanya hesabu nyingine, ambayo sokwe haifanyi: alijisemea, kama watoto wa umri huo wanaweza kujisemea neno kama hilo, kwamba mtu mzima huyu hakugonga bure, lazima iko sababu, nami nisipoiona kasoro ni yangu. Sokwe alimtazama mtu akafuata zawadi. Mtoto alimtazama mtu akamfuata mtu.

Kwamba hesabu ya mtoto ni ya maana hudhihirika mtu anapotoka kwenye masanduku ya watafiti na kuingia jikoni. Muhogo ulivushwa bahari na Wareno kutoka Brazil katika karne ya 16, ukaenea barani, na leo kuna nchi nzima ambazo bila ya huo zisingelala zimekula. Wakulima wengi hupenda muhogo mchungu kuliko mtamu, kwa kuwa huzaa vizuri katika udongo mchovu na wezi, wa miguu miwili na wa miguu minne, hawaupendi. Lakini uchungu huo unatokana na kitu kiitwacho linamarini, ambacho muhogo unapopondwa au kuoza hutoa sumu ya sianidi. Ndiyo maana mama humenya, huloweka siku kadhaa mpaka mizizi ilainike na kutoa harufu, huanika juani ikawa makopa au udaga, hutwanga, huchekecha, na ndipo hupika. Ukimuuliza kwa nini siku tatu na si moja, pengine atakujibu kwamba ndivyo muhogo unavyofanywa, na jibu hilo, ambalo msomi mwenye haraka huliona la ujinga, limebeba ujuzi kuliko jibu lolote ambalo mtu mmoja angeweza kulifikia kwa akili yake peke yake.

Kwa maana jaribu kulifikia. Sumu iliyobaki kidogo katika unga haiui siku ile, wala haimtishi ulimini mtu aliyeshikwa na njaa. Mtu hula leo, hula kesho, huona yu salama, na kwa mantiki ya sanduku la kioo huamua kwamba zile siku mbili za kuloweka ni kugongagonga tu. Baada ya wiki kadhaa za mlo huo, hasa kama hana kitoweo cha kuupa mwili wake nguvu ya kuizimua sumu, miguu yake yaweza kukakamaa ghafla, akawa hatembei tena kama zamani mpaka kufa kwake. Ugonjwa huo ni konzo, ambao Giovanni Trolli aliuandikia mwaka 1938 kutoka nchi ya Kwango katika Kongo. Mwaka 1981 ulipooza zaidi ya watu elfu moja katika jimbo la Nampula, Msumbiji, wengi wao wanawake na watoto, katika mwaka wa ukame ambapo watu hawakuwa na subira ya kuungoja muhogo ukauke. Mwaka 1985 ukazuka Tarime, kwetu Tanzania, nako ukame ndio ulioanzisha. Kisa kinachonisikitisha zaidi ni cha Bandundu, Kongo, kwa kuwa hakikuletwa na njaa: ilijengwa barabara nzuri ya kwenda Kinshasa, muhogo ukapata bei, na wanawake, ili wauwahi mzigo wa lori, wakazipunguza siku za kuloweka. Unga ulikuwa mweupe, ulipikika, ulinunuliwa. Hakuna jicho ambalo lingeona kwamba kuna kitu kimeachwa.

Nasema basi kwamba mwanadamu ni kiumbe mwenye mwalimu, na zaidi ya hayo, mwenye kumwamini mwalimu huyo hata pale macho yake mwenyewe yanapomwambia vingine. Ni imani hiyo inayomwezesha kupokea ujuzi uliokusanywa na watu mia waliokufa, ambao kila mmoja wao aliongeza kitu kidogo na hakuna aliyeujua wote. Jahazi linaloundwa Lamu bila ya ramani ya karatasi, ubavu kwa ubavu, kwa macho ya fundi tu, halikubuniwa na fundi huyo wala na mwalimu wake. Na kama wanagenzi wa kila kizazi wangeacha kila hatua ambayo sababu yake hawakuiona, tungekuwa tunavua mpaka leo kwa gogo lililochimbwa.

Mwenye insafu atanipinga kwa kunitajia nguchiro wadogo wa jangwa la Kalahari, ambao Alex Thornton na Katherine McAuliffe waliandika habari zao mwaka 2006. Wakubwa wao humletea mtoto mchanga nge aliyekufa. Akikua kidogo humletea nge aliye hai aliyekwisha kung'olewa mwiba. Akikua zaidi humletea nge mzima mwenye silaha zake, na akimwacha nge akatoroka, humrudishia. Huko ni kufundisha, silikatai, na kwa mpango mzuri kuliko wa baadhi ya madarasa ninayoyajua. Ila somo la nguchiro ni moja, la nge, nalo halina darasa la pili. Wala hakuna dalili kwamba nguchiro wa leo anafundisha juu ya nge neno ambalo babu yake hakulijua. Mpaka kati yetu na wao una matundu, kama mipaka yote. Hilo halinisumbui, kwa kuwa sikudai kwamba Mungu ameujenga kwa saruji.

Mwanafunzi anahitaji kitu kingine ambacho vitabu vya falsafa havikitaji, nacho ni chakula. Mtoto wa sokwe hunyonya hadi karibu miaka mitano, na akiacha kunyonya hujitafutia mwenyewe. Mtoto wa mtu aghalabu huachishwa ziwa kwenye miaka miwili, na hapo ndipo mzigo wake unapoanza, maana kwa miaka kumi na zaidi anaendelea kula asichokitafuta, huku mama yake amekwisha kumzaa mwingine. Nani anamlisha? Kristen Hawkes, James O'Connell na Nicholas Blurton Jones walikwenda kukaa na Wahadza karibu na Ziwa Eyasi katika miaka ya 1980, wengi wakitarajia kwamba jibu litakuwa ni baba na upinde wake. Wakakuta kwamba nyama ya mwindaji ni ya kubahatisha na hugawiwa kambi nzima, na kwamba mchana kutwa, chini ya jua, katika ardhi ngumu yenye mawe, wenye kupiga fimbo za kuchimbia mizizi kwa saa nyingi kuliko wote walikuwa ni vikongwe waliokwisha koma kuzaa. Mama anyonyeshapo kichanga kipya, ustawi wa yule mkubwa aliyeachishwa ziwa ulifuatana na bidii ya bibi yake.

Katika makundi mengi ya sokwe, jike mwenye kuishi miaka mingi baada ya kukoma kuzaa ni nadra, na mwenye kuwalisha wajukuu hajaonekana. Kwetu bibi yupo katika kila kijiji, na haji na mizizi mitupu. Yeye ndiye anayekumbuka njaa ya mwaka fulani na majani yaliyoliwa mwaka ule, ndiye anayejua jina la kila ndugu na ugomvi wa kila ukoo, na mtoto aliye kando yake akingoja kiazi kipoe hupokea yote mawili kwa pamoja.

Sasa inanipasa kusema lile ambalo wenye kusifu elimu hupenda kulipita haraka. Moyo huu wa kuamini hauchagui. Aliyeumbwa kupokea asichokiona sababu yake atapokea kuloweka muhogo, na kwa mlango huo huo atapokea uwongo na udhalimu, navyo atavitunza kwa uaminifu ule ule na kuvirithisha. Mifano yake imejaa katika historia za mataifa yote, lakini si adabu mtu kutafuta uchafu kwa jirani ilhali wa nyumbani unatosha. Mtoto wa kiungwana aliyezaliwa Unguja, Lamu au Mombasa miaka mia moja na hamsini iliyopita alicheza uani na mtoto wa mjakazi aliye rika lake. Aliona kwa macho yake kwamba mwenzake hukimbia, hucheka, huugua homa na humlilia mama kama yeye. Sanduku lilikuwa la kioo. Wakubwa walimfundisha kwamba mmoja ni bwana na wa pili ni mali, wala hawakuhitaji kumpa sababu. Na yeye, mtoto mwenye akili timamu, aliyaamini mafundisho akayaacha macho, na alipokuwa mtu mzima aliweza kuieleza dhuluma hiyo kwa ufasaha kuliko wanadamu wa risala ya Basra walivyoweza kueleza umiliki wao juu ya punda.

Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash alitia saini, kwa kushurutishwa na Waingereza, mkataba wa kulifunga soko la watumwa la Unguja. Mwaka 1897 sheria ikaacha kuutambua utumwa katika Unguja na Pemba. Mwaka 1907 ikawa hivyo katika mwambao wa Kenya. Sheria iliweza kulifunga soko kwa siku moja, lakini haikuweza kuyafunga mafundisho, na nani amwamkie nani kwanza, nani aketi kitini na nani aketi chini, nani aozwe binti ya nani, ni mambo yaliyoendelea kufundishwa majumbani kwa miaka mingi baadaye, kimya kimya, kwa njia ile ile ya kuonyeshwa na kuiga.

Walioachwa huru nao walikuwa wanadamu, wenye kipaji kile kile. Vazi la mjakazi lilikuwa kaniki, nguo nyeusi isiyo na pambo, au merikani, na kila aliyeiona njiani alijua ni ya nani. Katika miaka iliyofuata amri ya 1897 wanawake wengi wa Unguja waliiacha kaniki wakanunua kanga, zenye rangi na nakshi, kwa jozi. Namna ya kujifunga na kujitanda hawakuelekezwa na mtu, kwa kuwa walikwisha kuitazama kwa miaka mingi wakiwavalisha mabibi zao. Baadhi yao baadaye wakavaa na buibui. Bibi wa zamani na mjakazi wa zamani wakapishana kichochoroni, na mpita njia asiyewajua hakuweza tena kusema yupi ni yupi kwa kutazama nguo. Na walipopata mabinti, kanga ndiyo waliyowafundisha kujifunga.